Sufuria Upande wa Kusini

Jumapili ile niliamka nimeshachumbiwa, ila mimi mwenyewe nilikuwa sijaambiwa. Niliambiwa jikoni, mwiko mkononi, na aliyeniambia ni Baba Mkubwa Ravelo, kaka yake baba. Baba Mkubwa akionekana jikoni kwa mtu ujue kuna jambo, maana kwake yeye jiko ni la wanawake na paka.

"Pika wali wa kutosha watu watano," alisema. "Andry atakaa na sisi leo uwanjani."

"Andry yupi?"

"Kwani unao wangapi? Andry wa benki. Mtu wa damu yetu."

"Aje tu. Muziki ni wa watu wote."

"Nisikilize, Bakoly. Ukifika wakati wa kula, sahani ya kwanza utampa yeye. Kwa mikono miwili, mbele za watu. Alhamisi msemaji wao anakuja nyumbani kutoa hotuba ya posa. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana nani na nani?"

"Watu wazima."

Nina miaka thelathini na mmoja. Nafundisha hesabu sekondari, na wanafunzi wangu wengine wananipita urefu, lakini kwa Baba Mkubwa bado sijafika utu uzima. Nilimtazama mama. Alikuwa anafuta vijiko, kimoja baada ya kingine, akamalizia na kile cha pembe ya ng'ombe, cha baba, ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Hakuinua macho. Nikatega sikio upande wa bafuni. Baba alikuwa ananyoa ndevu huku anaimba wimbo wa Tsiky Efatra, sauti ya nne, ile ya chini kabisa. Alikuwa anasikia kila neno letu. Alichofanya ni kuongeza sauti.

"Na nisipompa hiyo sahani?"

Baba Mkubwa hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. "Wazee walisema, tukiwa hai nyumba moja, tukifa kaburi moja. Wewe shika hiyo nusu ya pili. Kaburi letu la ukoo lina mlango, na ufunguo ninao mimi."

Akatoka. Mama akavifunga vijiko kwenye kitambaa, akavitia katika mkoba wake.

"Angalia ukoko usiungue sana," alisema.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Tsiky Efatra, yaani Tabasamu Nne, ni wanaume wanne wenye magitaa matatu, na mtoto yeyote wa rika langu aliyekulia milima hii ya Tana, mji mkuu wa kisiwa chetu, atakuimbia nyimbo zao hata ukimkurupusha usingizini. Nyumbani tulikuwa na kanda yao moja. Baba alinifundisha kuimba kwa kanda hiyo. Mama alishika sauti ya kwanza, mimi ya pili, baba ya nne. Ya tatu tulikuwa hatuna mtu, tukaiachia kanda.

Nilipokuwa na miaka tisa baba alinunua tiketi tatu. Nikashonewa gauni la manjano. Wiki ile ile mnajimu wa ukoo akapiga hesabu zake, akaona siku njema ya kuwatoa mababu kaburini na kuwavisha sanda mpya ni Jumapili ile ile. Baba Mkubwa akasema wafu hawasubirishwi. Nikaenda makaburini na gauni langu la manjano, watu wazima wanacheza ngoma na kuwabeba mababu mabegani, mimi nimekaa juu ya jiwe nalia kwa kwikwi. Baba alinifuta machozi akaniambia tutakwenda mwakani. Mwakani kundi likavunjika. Miaka ishirini na miwili hawakusimama jukwaa moja, mpaka Jumapili hii. Nilikuwa nimeshaapa kwamba safari hii siwapishi wafu wala walio hai.

Na Njaka sasa. Njaka ni mpima ardhi. Alikuja miaka miwili iliyopita kupima mashamba ya mpunga aliyoacha babu. Siku tatu alitembea juu ya matuta na kile chombo chake cha miguu mitatu. Siku ya pili nilitumwa kumpelekea chai, na kabla sijamfikia nikamsikia anaimba peke yake katikati ya shamba. Alikuwa anaimba sauti ya tatu. Ile ile tuliyokuwa tunaiachia kanda! Nilijikuta naingia na sauti ya pili, mguu mmoja juu ya tuta na mwingine kwenye tope. Akageuka. Alinitazama mpaka nikaimwaga chai yote, na nilipomwomba radhi akasema, "Chai itapikwa nyingine. Wewe imba." Nilimpenda pale pale, na sioni aibu kusema.

Baba Mkubwa alipokuja kukagua mipaka alimtazama nywele kabla ya kumtazama uso. Nywele za Njaka zimejisokota vizuri, na kwa watu kama Baba Mkubwa nywele ni cheti cha kuzaliwa: babu zake Njaka walikuwa watumwa wa watu kama babu zangu. Baba Mkubwa hakumtukana. Alimshukuru kwa kazi, akaagiza apelekewe chakula nje, upande wa kusini wa nyumba. Kaskazini kwetu hukaa mababu na wageni wa heshima. Kusini wanakaa kuku.

Njaka alipotuma kuuliza kama anaweza kuleta msemaji, alijibiwa kwamba mlango wetu ni mdogo. Tukapendana kwa kujificha, nyuma ya kanisa, miaka miwili. Majuma mawili kabla ya siku ile tukagombana hapo hapo.

"Bakoly, kazi yangu mimi ni mipaka," aliniambia. "Mtu akisimama juu ya mpaka miaka miwili, huyo hajaamua."

"Unajua kwetu kulivyo."

"Kwenu nakujua. Nimekupima kwa mita." Hakucheka. "Huku nyuma sirudi tena. Tsiky Efatra wakiimba nitakuwepo na mama yangu, mchana kweupe. Ukinitaka, uje mchana kweupe. Usiponitaka, usinipungie hata mkono."

Akaenda zake. Nilisimama pale mpaka mlinzi wa kanisa akaniuliza kama nimepoteza kitu.

*

Uwanja wetu wa muziki uko bondeni, ngazi za mawe zimelizunguka jukwaa, na viti havina namba. Anayewahi anatandika mkeka. Baba Mkubwa aliwahi asubuhi, hakutafuta kivuli wala mahali pa kuona vizuri, alitafuta kaskazini. Tukakaa huko, jua likitupiga machoni, tumejifunga lamba, shuka zetu nyeupe za heshima, mabegani kama watu waliokuja kupigwa picha. Upande wa kusini mijakaranda ilikuwa imechanua, na watu wamejilaza kwenye ubaridi.

Andry alikuja na viatu vinavyong'aa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

"Katika wale wanne unampenda nani zaidi?" nilimuuliza.

"Nani? Aa... wote wazuri. Kusema kweli mimi napenda zaidi muziki wa siku hizi."

Baba alikohoa kama mtu aliyepaliwa. Baba Mkubwa akamkata jicho.

Njaka nilimwona mapema. Alikuwa kusini, ngazi ya nne kutoka chini, shati la buluu, na ubavuni mwake mama yake na kofia ya majani. Aliniona. Hakupunga mkono, hakutabasamu, alinitazama tu kwa utulivu kisha akageukia jukwaa. Moyo ulinigonga mpaka nikaogopa Andry atausikia.

Kisha wakatoka. Wanne wote! Mmoja anatembelea fimbo, mmoja amekuwa na upara unaong'aa, wawili ndugu wameshikana bega. Watu elfu ngapi sijui walisimama kwa mara moja. Yule wa fimbo akapiga nyuzi mbili tu, na uwanja mzima tukajua ni wimbo gani, na kabla hajafungua kinywa tulikuwa tumeshauanza. Wanawake wakachukua juu, wanaume wakashuka chini, kila mtu na sauti yake kama tulivyofundishwa nyumbani. Nililia. Nilikuwa na miaka tisa na gauni la manjano, na hakuna mfu hata mmoja aliyenizuia. Baba naye alikuwa analia, anajifuta kwa ncha ya lamba akidhani hatumwoni. Katikati ya kelele zile nilikuwa naitafuta sauti moja kutoka kusini, na naapa niliipata.

Baada ya saa moja na nusu mwenye upara akashika kipaza sauti. "Wajukuu, vidole vya wazee vinauma. Fungueni sufuria mle, na sisi tukale. Tutarudi, kama bado tutakuwa hai."

Watu wakacheka, vifuniko vikaanza kulia kila upande, na harufu ya nyama ikajaa bondeni. Baba Mkubwa akajinyoosha mgongo, akaangalia kushoto na kulia kuhakikisha majirani wanatuona.

"Bakoly," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mpe mgeni chakula."

Nikamtazama baba. Baba akatazama viatu vyake. Nikamtazama mama. Mama alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza siku ile, na hakuyaondoa macho.

Nikasimama. Nikaibeba sufuria ya wali iliyofungwa blanketi, nikaikumbatia kifuani. Kikapu chenye mchuzi, sahani na chupa ya maji ya ukoko, kinywaji chetu cha kushushia wali, nikakitia kwenye kiwiko. Nikaanza kushuka ngazi.

"Unakwenda wapi?" Baba Mkubwa aliuliza. "Bakoly! Mgeni yuko huku!"

Sikugeuka. Ningegeuka ningerudi.

Kutoka kaskazini kwenda kusini lazima upite mbele ya jukwaa, pale chini, kila mtu anakuona. Nusu ya mji ilikuwa inakula na nusu ilikuwa inatafuta cha kutazama. Nikawapa. Wanakwaya wenzangu wa kanisani walikuwa mstari wa mbele na nilisikia mmoja wao ananong'ona, "Si binti wa Jaona yule?" Mama mmoja mwenye miwani akaniita kwa utani, "Wewe dada, umepotea na sufuria?"

"Sijapotea, mama," nikamjibu. "Nimechelewa tu."

Njaka alikuwa ameshasimama. Nilipofika ngazi ya nne pumzi zilikuwa zimekwisha, na hotuba niliyoitunga njiani ilikuwa imeyeyuka.

"Bakoly," alisema polepole. "Una hakika?"

"Mkono unanikatika, Njaka. Pokea sufuria kwanza, hakika baadaye."

Akaipokea. Vidole vyake vikagusa vyangu chini ya blanketi, vikakaa hapo muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji.

Mama yake hakufurahi. Ni mwanamke mfupi, mikono imeungua madoa madoa kwa kukaanga vitumbua vya asubuhi, na alivishika vile viganja mapajani kama anayejizuia.

"Mwanangu, rudisha sufuria ya watu," aliniambia.

"Ni ya kwetu, mama. Nimepika mwenyewe."

"Wanatutazama wote."

"Ndiyo maana nimekuja saa hizi."

"Mimi nimeishi na watu kwa adabu miaka sitini. Sitaki kesho niambiwe mwanangu kaiba binti wa watu."

"Mama, mwizi hapa ni mimi. Nimeiba chakula cha watu watano."

Alijaribu kubaki na hasira, ikamshinda. Akasogeza mkoba wake, nikapata pa kukaa.

Nikapakua. Wali, mchuzi wa nyama na majani juu yake, sahani ya kwanza. Nikaishika kwa mikono miwili, nikainama kidogo kama nilivyofundishwa, nikampa Njaka. Uwanja haukunyamaza kama inavyokuwa kwenye hadithi, watu waliendelea kutafuna, lakini nilisikia kwenye mgongo wangu jinsi vichwa vilivyogeuka. Njaka akapokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi nilitaka nibaki nimeinama pale mpaka kesho.

Akaishika sahani. Akaendelea kuishika.

"Kula basi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Kwa sababu nimekupa!"

"Hapana, mpenzi. Nile kwa kutumia nini?"

Vijiko! Kwetu wali hauliwi kwa vidole, na vijiko vilikuwa kwenye mkoba wa mama, kaskazini.

Mama yake Njaka akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. "Mtoto kaja vitani, silaha kasahau nyumbani," alisema, na watu wa ngazi ya tano na ya sita wakaangua kicheko.

Kicheko kilikatika ghafla. Baba Mkubwa alikuwa amefika. Alisimama ngazi moja chini yetu, hakutaka kukanyaga mkeka.

"Inuka," alisema.

"Nagawa chakula, Baba Mkubwa."

"Unatuvua nguo mbele ya mji mzima!"

"Si uliniambia mbele za watu? Kwa mikono miwili? Nimefanya vile vile, sijapunguza kitu."

"Unamjua huyu ni nani?"

"Namjua. Na wewe unamjua. Mipaka ya shamba la baba yako unaijua kwa sababu yake."

Njaka akainuka. "Mzee, shikamoo. Nilitaka kuleta msemaji wangu kwenu, mlango wa mbele. Mkanijibu mlango ni mdogo. Bado nitamleta."

Baba Mkubwa hata hakumtazama. Alinielekea mimi, akashusha sauti, na sauti ile ya chini ndiyo iliyokuwa na sumu. "Ukila na huyu leo, kwenye kaburi letu huingii. Bibi yako yumo, babu yako yumo, baba na mama yako watalala humo. Wewe ukifa utalala wapi? Kando ya barabara?"

Nisiwadanganye. Yaliniuma. Mtu wa kwetu unaweza kumtishia njaa akacheka, unaweza kumtishia fimbo akakupa mgongo, lakini mwambie atalala peke yake milele, mbali na mama yake, umemfika.

"Nikifa tutajua, Baba Mkubwa," nikasema. "Kwa sasa mimi ni mzima na nina njaa. Na habari ya ardhi ya kaburi isikunyime usingizi. Mpima ninaye."

Ngazi ya tano ikalipuka. Ngazi ya sita ikawaeleza ngazi ya saba. Baba Mkubwa aligeuka kuangalia ni nani wanaocheka.

"Shemeji, nipishe."

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa nyuma yake, mkoba mkononi, lamba imemteleza begani kwa kupanda ngazi haraka. Baba Mkubwa alisogea bila kujua kwamba anasogea. Mama akavua viatu, akakanyaga mkeka, akakaa.

"Utamlisha mtoto wa watu kwa vidole?" alinigombeza. "Ndivyo nilivyokulea?"

Akafungua kitambaa. Akampa Njaka kijiko, akampa mama yake Njaka kwa mikono miwili, akanipa mimi, akachukua chake. Kilibaki kimoja, kile cha pembe. Akakiweka juu ya mfuniko wa sufuria.

"Mama Njaka, karibu tule," alisema.

"Mimi naitwa Raivo."

"Karibu tule, dada Raivo. Binti yangu anatia chumvi nyingi, utanisamehe."

Kisha akainua uso kwa Baba Mkubwa, mpole kama kawaida yake. "Shemeji, mkisikia njaa, chakula kiko huku."

Baba Mkubwa aliondoka. Nilimfuata kwa macho akipita mbele ya jukwaa, lamba yake imenyooka, hadi kwenye mkeka wa kaskazini ambako Andry alikuwa ananunua mshikaki kwa mchuuzi. Ubavuni mwa Andry baba alikuwa amekaa vile vile, anatazama viatu. Furaha yangu ikaingia doa hapo. Nilikuwa nimeshinda watu wote niliotaka kuwashinda, na mtu pekee niliyetaka aje hakuja.

"Atakuja?" nilimuuliza mama.

"Baba yako nimekaa naye miaka thelathini na mitatu," alisema. "Kula."

*

Wazee wakarudi. Wakaimba mpaka jua likalala begani mwa kilima. Njaka alikuwa ameushika mkono wangu, waziwazi, juu ya goti lake, na kila nilipoutazama nilishangaa kwamba ni mkono wangu.

Wimbo wa mwisho wa Tsiky Efatra ni mmoja siku zote, "Tuta Jembamba." Ukifika kibwagizo huwa wanaweka magitaa chini na kufunga midomo. Wanauachia uwanja uimbe, unarudia na kurudia mpaka wenyewe uchoke. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu utotoni. Sikuwahi kuliona. Mwenye fimbo aliweka gitaa chini, akatandaza mikono.

*Tuta la mpunga jembamba,*
*shika mkono tupite;*
*tukianguka, tope ni letu,*
*jua litatukausha.*

Mama alichukua ya kwanza. Mimi ya pili. Njaka, ubavuni mwangu, ya tatu, laini na imenyooka kama alivyoimba siku ile shambani. Mama alishtuka, akamgeukia, akamtazama muda mrefu huku anaimba. Nadhani ndipo alipojua nilivyonaswa.

Mara ya pili. Mara ya tatu. Na mara ya nne nikaisikia. Maelfu ya wanaume walikuwa wanaimba sauti ya nne uwanjani pale, lakini mimi nililelewa na moja, naijua hata kupitia mlango wa bafuni. Ilikuwa inasogea. Nikanyoosha shingo. Baba alikuwa anashuka ngazi za kaskazini, anaimba. Akapita mbele ya jukwaa, anaimba, na yule mwenye upara akamvulia kofia ambayo hakuwa nayo. Akapanda ngazi zetu moja moja, anaimba, mpaka akasimama kwenye ukingo wa mkeka, ndevu zimenyolewa vizuri na mashavu yamelowa.

Sote tulimtazama. Uwanja ulikuwa unaendelea bila sisi.

"Nimefuata kijiko changu," alisema.

Mama akamnyooshea kile cha pembe. Baba akavua viatu, akakaa kusini. Njaka alikuwa ameruka kusimama kumpisha.

"Kaa," baba alimwambia. "Kaa, kijana. Ni wewe niliyekusikia kutoka kule? Unaimba ya ngapi?"

"Ya tatu, mzee."

Baba alimtazama mama. Akanitazama mimi.

"Ya tatu," alisema. "Nyumbani tulikuwa hatuna mtu wa tatu."

Akachota wali uliobaki sufuriani, wa baridi, akaula na kijiko chake cha pembe, mbele ya mji. Kutoka kaskazini, juu ya vichwa vya watu wote, tukasikia anaitwa.

"Jaona! Jaona, rudi huku! Jaona!"

Baba alisikia kila neno, kama alivyosikia asubuhi. Alimaliza kutafuna. Akameza. Akauweka mkono wake mmoja begani kwa Njaka, akavuta pumzi, na kibwagizo kilipozunguka tena, akaongeza sauti.